Sura ya Saba: Ubavu Hauzibwi

Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa limelala pembeni mwa njia, mbele kidogo ya soko la Ngare Nanyuki, jeusi, lenye vitundu kama mkate wa kumimina na makali kama ya chupa iliyovunjika. Fuso la nyanya lilikuwa linakuja limeshika katikati ya barabara, nami nikalipisha, maana mwenye gari dogo habishani na Fuso. Gurudumu langu la mbele kushoto likaliparamia lile jiwe kwa ubavu, likateleza, nikasikia sauti kama ya mtu anayechana turubai. Nilipotelemka, upepo ulikuwa umeshatoka wote na rimu imeukalia mpira.

Mlima Meru ulitapika mara ya mwisho mwaka 1910, na katika milipuko yake ya zamani zaidi, maelfu ya miaka nyuma, upande wake wa mashariki ulibomoka na kumwagika hadi huku Momella na Ngare Nanyuki. Mvua zikiondoa udongo, mawe yale yanachomoza njiani yakiwa na ncha zake zilezile. Anayeendesha kuuzunguka mlima, kutoka Usa River kupitia Ngare Nanyuki hadi Oldonyo Sambu, anaendesha juu ya vifusi vya mlima. Ukipanda Ilboru au Olkokola nako utayakuta. Ndiyo maana mafundi pancha wa Arusha wanajua mambo ya ubavu wa tairi ambayo fundi wa mji wa mchanga anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuyaona.

Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walinisaidia kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Nikalegeza nati gari likiwa bado limekaa chini, kwa sababu gurudumu likishainuliwa na jeki linazunguka tu na spana, kisha nikapiga jeki na kulishusha tairi la spea kutoka mlango wa nyuma. Gari langu ni RAV4 ya mwaka 2003. Spea yake ilikuwa imevishwa kava zuri la plastiki ambalo, naona aibu kusema, sikuwahi kulivua tangu nilinunue gari. Ilikuwa na upepo wa kusuasua. Nikaifunga, nikawagawia watoto biskuti, nikaondoka polepole na ndoo zangu mbili za nyanya.

Njia ya kurudi inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Katika ule uwanda wanaouita Serengeti Ndogo nyati walikuwa wamesimama mita chache tu kutoka barabarani, wananitazama kama wanaonidai. Sijawahi kulisikiliza tairi kwa makini kama siku ile.

Usa River, pale Leganga, kuna fundi mmoja mtu mzima anayefanyia kazi chini ya mjakaranda. Ana kompresa, beseni la maji lililogeuka rangi ya chai, vyuma viwili vya kutolea tairi na kijana wa kumsaidia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Lilete tulione.”

Kijana aliuona mpasuko kabla hata tairi halijawekwa chini. Ulikuwa mrefu kama kidole changu cha shahada. “Dada, hapa tunatia tyubu tu, unaondoka,” akasema. Mzee hakumjibu. Alilitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani, akasukuma kwa kidole gumba mpaka mpasuko ukafunguka kama mdomo wa samaki, akanigeuzia upande wa mwanga. Kwenye kingo za jeraha zilichungulia nyuzi nyeupe, nyembamba, zimekatika.

“Ingekuwa huku,” akasema akigonga kwa chuma kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga barabara, “ningekuzibia sasa hivi ukaenda hata Mwanza. Ubavu hauzibwi.”

Nilimbishia kidogo, kama kila mtu anavyombishia fundi anayemwambia jambo la gharama. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mafundi wakishona ubavu kwa uzi wa nailoni, wengine wakibandika ndani kipande cha tairi kuukuu, na magari hayo yakaondoka. Mzee akaniuliza kama nimewahi kulalia kitanda cha kamba. Nikasema ndiyo, kwa bibi. “Kamba zikikatika katikati, ukatandika mkeka juu yake, mkeka utakushika?”

Tangu siku hiyo sijapata mfano unaoufikia ule, na nimesoma maelezo mengi ya wahandisi. Tunadhani mpira ndio tairi. Mpira kazi yake ni kuzuia upepo usitoke na kusugua barabara. Kinachobeba gari ni upepo, na kinachoushika upepo usilipue kila kitu ni nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira. Tairi likijazwa 30 kwenye geji, kila sentimita ya mraba ya ukuta wake inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo mbili. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma inayoongeza nguvu, kwa hiyo msumari ukitoboa pale, tundu linazibika: kiraka kwa ndani, au ule uzi mnene unaonata, na mikanda inaendelea kushika. Kipimo ambacho mafundi wa dunia wamekubaliana ni tundu lisilozidi milimita 6, tena katikati ya kashata, si karibu na bega.

Ubavuni hakuna mikanda hiyo. Kuna nyuzi tu, na katika matairi mengi ya gari dogo zote zinaelekea upande mmoja, kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine, kama kamba za kitanda zilizopigwa wima bila za mshazari. Mpangilio huo kampuni ya Michelin iliuwekea hataza mwaka 1946, na ndio unaotajwa na ile herufi R iliyo katikati ya namba za saizi. Uzuri wake ni kwamba ubavu unakunjika kwa ulaini, gari halirushi na kashata inalala vizuri barabarani. Ubaya wake nilikutana nao Ngare Nanyuki.

Tena ubavu haupumziki. Tairi la saizi yangu linazunguka kama mara 450 katika kila kilomita, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ubavu inakunjwa ikifika chini na kunyooka ikiinuka. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi. Kiraka ulichobandika ubavuni kitakunjwa mara 36,000 kabla hujafika. Na tyubu? Tyubu ndiyo mkeka wa yule bibi. Itazuia upepo usitoke, lakini nyuzi zilizokatika hazitaungana, na tyubu itaanza kujipenyeza kwenye jeraha, ijisugue, ipate joto. Itakushika mtaani kwa siku mbili tatu. Itakuachia Kikatiti, ukiwa spidi 90, basi likiwa nyuma yako.

Simlaumu yule kijana. Mteja anayekuja na mpasuko wa ubavu mara nyingi hana pesa ya tairi jipya siku hiyo, na tairi likivikwa tyubu linaweza kuvuta mkokoteni miaka mingi. Ninachodai ni fundi amwambie mteja ukweli huo kabla ya kupokea pesa yake.

Mpasuko angalau unaonekana. Jeraha la ubavu linalonitisha zaidi ni lile lisilotoa hata tone la upepo. Unaingia shimo kwa kasi, au unapanda ukingo wa zege ukitafuta maegesho Barabara ya Sokoine, tairi linabanwa kati ya rimu na kile kitu kigumu, nyuzi kadhaa zinakatika ndani huku mpira ukibaki mzima. Unaendelea na safari. Baada ya siku chache ubavu umetoa nundu, kama yai lililofichwa chini ya ngozi. Pale hakuna uzi tena. Ni mpira mtupu umebaki kushindana na upepo. Tairi lenye nundu halingojewi mwisho wa mwezi. Litazame likiwa limejazwa, upitishe kiganja ubavuni kote, na usisahau ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya gari. Watu wengi wanaukagua tu fundi akilitoa gurudumu kwa sababu nyingine.

Hapohapo niwaondolee hofu wanaonipigia simu: ukiona kibonde chembamba kilichoingia ndani, kutoka rimu kwenda kashata, hicho ni mahali nyuzi zilipounganishwa kiwandani na hakina madhara. Kinachoingia ndani kiache, kinachotoka nje kikimbie. Na mkwaruzo uliochubua mpira juujuu tu, ukiuchungulia huoni uzi, unaweza kuishi nao.

Kuna kifo kingine cha ubavu ambacho watu huona ni uonevu wa fundi. Umepata pancha ya msumari ya kawaida kabisa, lakini ukasema utajikongoja mpaka Tengeru. Fundi akilitoa tairi anamwaga ndani yake unga mweusi, kama masizi ya jikoni. Unga huo ni ngozi ya ndani ya ubavu, umeusaga mwenyewe kati ya rimu na lami. Tundu la msumari linazibika, lakini ubavu uliosagwa hautamaliza mwezi. Upepo mdogo unafanya hivyohivyo polepole: ubavu unakunjika kupita kiasi, unachemka, nyuzi zinaachana na mpira. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva, na kinapimwa asubuhi gari likiwa limepoa.

Madereva wa utalii hayo wanayajua kwa ngozi yao. Land Cruiser nyingi zinazotoka hapa kwenda Serengeti hubeba spea mbili, kwa sababu baada ya geti la Ngorongoro kuna kilomita nyingi za kokoto zenye mawimbi, na ukitoka njiani kuna miiba ya migunga inayoweza kupenya ubavu kama sindano ya kushonea magunia.

Turudi chini ya mjakaranda. Baada ya kulitupa kando lile lililochanika, mzee alilifuata lile la spea nililokuja nalo. Alichuchumaa, akalipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akatafuta herufi DOT na kufuata mstari wake kwa kidole mpaka kwenye kiduara chenye namba nne: 2303.

“Wiki ya 23, mwaka 2003,” akasema. Kisha akamtazama msaidizi wake. “Wewe umezaliwa lini?”

“Elfu mbili na tano.”

“Basi msalimie kaka yako.”

Kava lile zuri lilikuwa limehifadhi mzee. Tairi halikuwa limekanyaga barabara kabla ya siku ile, kashata zake nzima kabisa, lakini ubavuni lilikuwa na mipasuko myembamba kama kisigino cha kiangazi. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lianze kuchunguzwa kila mwaka likishafika miaka mitano au sita, na likifika kumi liondolewe hata kama linang'aa. Mzee alinionyesha jambo la pili, lililokuwa limeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ambazo sikuwahi kuzisoma: STUDLESS. Ni tairi la theluji. Magari yetu mengi yanatoka Japani na hayo miguuni. Mpira wake ni laini ili ushike barafu, na juu ya lami ya moto ya Makuyuni unaisha kama sabuni.

Nilimuuliza alijifunza wapi kusoma tairi hivyo. Akasema, General Tyre.

Mgeni wa Arusha anaweza kudhani General Tyre ni jina la eneo tu, barabara ya Njiro. Kilikuwa kiwanda. Kilianzishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, katika mji uleule lilikotangazwa, na hapo ndipo ninapopenda kuwauliza wanaolisoma Azimio kwa haraka: mbona mbia wake alikuwa Mmarekani? Serikali ilishika asilimia 74, na 26 zilikuwa za General Tire ya Akron, jimbo la Ohio. Continental ya Ujerumani ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 1987, hisa zile zikahamia kwa Wajerumani. Ili kulisha kiwanda yakapandwa mashamba ya mpira Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero. Kwa zaidi ya miaka thelathini daladala, malori na magari ya serikali yalitembea juu ya ubavu ulioandikwa jina la Tanzania. Kabla miaka ya 2000 haijaisha mitambo ilikuwa imezimwa, na ahadi za kukifufua tumezisikia kila bajeti. Jirani zetu wa Nairobi, walioanza na kiwanda chao cha Firestone mwaka uleule wa 1969, nao walizima mwaka 2016.

Nalitaja hili kwa sababu linamgusa mnunuzi. Mji uliokuwa unaoka matairi yake sasa unanunua ya kila nchi, mapya na ya mtumba, na anayeuza mara nyingi hajui zaidi ya bei. Maelezo yote yako ubavuni. Yangu yanasema 215/70R16 100S: upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, yaani sentimita 15, rimu ya inchi 16, 100 ni uwezo wa kubeba kilo 800 kwa kila gurudumu, S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Muuzaji akikwambia “hili linaingia” wakati namba ya uzito ni ndogo kuliko iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni, ni kweli litaingia. Mzigo ndio hautaingia.

Kwenye tairi la mtumba, macho yapumzike na mkono ufanye kazi. Ule weusi unaong'aa ni dawa ya dakika mbili. Ingiza mkono ndani upapase viraka, angalia tarehe, kisha chungulia mifereji ya kashata kama imechongwa. Kuchonga ni ufundi wa kisu cha moto: tairi kipara linachorwa mifereji mipya ndani ya mpira mwembamba uliobaki juu ya waya. Yako matairi ya malori yaliyotengenezwa yachongwe, na yameandikwa hivyo ubavuni. Ya gari dogo, ukichonga umepunguza kilichokuwa kimeshapungua.

Lini kashata zimeisha? Trafiki atakwambia zikiwa kipara. Tairi lenyewe linakwambia mapema. Chini kabisa ya mifereji kuna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, na ubavuni kuna pembetatu ndogo au herufi TWI zinazoonyesha vilipo. Kashata zikishuka zikalingana navyo, tairi limefika kikomo kinachotumiwa na nchi nyingi. Mimi siku hizi sisubiri. Masika ikinyesha, maji ya Meru yanakatiza barabara kuu kwa mikondo, na kashata ya milimita 2 haina mahali pa kuyapitisha. Naondoa zikibaki 3. Zikiisha kingo zote mbili na katikati zikabaki, upepo ulikuwa mdogo. Zikiisha katikati, ulizidi. Upande mmoja tu, kafanye alaimenti kabla ya kulipia tairi jipya, usije ukalipa mara mbili.

Mimi nililazimika kununua manne, na hili ndilo wenye magari ya kuvuta miguu yote hawalipendi. Kashata zangu za zamani zilikuwa na milimita 2, jipya lina 8. Tofauti hiyo inafanya kipenyo kipishane kwa milimita 12, na jipya liachane na la zamani kwa mita 17 katika kila kilomita. Nikifika Moshi moja limetembea kilomita nzima na zaidi kuliko mwenzake, kwa hesabu ya mizunguko, na ugomvi huo unaamuliwa ndani ya gia, ambayo bei yake inapita matairi yote. Gari la kuvuta miguu miwili linavumilia kubadilishwa mawili mawili kwa ekseli. Hapo sote hukimbilia kuweka mapya mbele. Yaweke nyuma. Mbele pakiteleza, gari linagoma kukata kona na wewe unaachia mafuta; nyuma pakiteleza, linageuka lenyewe kama punda aliyechoshwa na mzigo.

Siku ile niliacha matairi yangu mawili yaliyokufa chini ya mjakaranda. Nilipopita wiki mbili baadaye kusalimia, fundi viatu wa jirani alikuwa amelikalia lile la theluji, anakata katambuga. Kashata alikuwa ameziweka kando kwa sababu waya wa chuma unamlia kisu. Alichokuwa anakitaka ni ubavu, ambao hauna waya, unakatika vizuri na unakunjika mguuni bila kuuma. Jozi moja ilikuwa imeshakamilika, imeanikwa juu ya ndoo. Kwenye kisigino cha kulia 2303 bado ilisomeka.

Nikamuuliza bei.

“Hizo zina mwenyewe, mama,” akasema, akaendelea kukata.